Tangazo Langu la Macho

Nilichaguliwa kuwa katibu wa habari wa zoni yetu siku ambayo sikufika kikaoni. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hawakuishi Luzira. Kwetu asiyekuwepo hupewa cheo, maana waliopo wanakuwa wamekwisha kukikataa. Habari hiyo ilinikuta kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, na nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa Kiswahili, na tangu siku niliyorudisha chaki sikuwa nimepata mtu wa kunisikiliza mpaka mwisho. Hata kuku wa mke wangu waliondoka nikiwa katikati ya sentensi.

Zoni yetu ni ndogo. Ni vichochoro vichache vilivyojibana kati ya barabara iendayo Port Bell na bonde lenye mafunjo, na ukisimama mahali palipoinuka unaona ziwa upande mmoja na ukuta wa gereza upande wa pili. Wenye nyumba wengi ni Waganda. Wapangaji ni mchanganyiko: Wakongo waliokimbia vita, Wakenya wachache, askari magereza waliostaafu wakashindwa kuhama, na sisi Wanubi wawili watatu ambao babu zetu waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa wamebeba bunduki. Gereza hatulizungumzii sana. Tumelizoea, kama mtu anavyomzoea mkwe mkali anayeishi nyumba ya pili, lakini masikio yetu hayalali.

Mwenyekiti wa zoni ni mwanamke mwenye ghala la mkaa. Juu ya ghala lake kuna nguzo ya mkaratusi, na kwenye nguzo hiyo kumefungwa vipaza sauti viwili vinavyoitazama zoni yote. Watu wa hapa huviita kizindalo. Kila asubuhi Mwenyekiti anakaa kwenye kiti chake nyuma ya magunia, anawasha mtambo, anasema kwa Kiganda: maji yatakatika leo mpaka jioni, gari la taka linapita Ijumaa, toeni mifuko mapema, mbuzi mweusi amepotea, aliyemwona amrudishe, chanjo ya watoto ni kesho, saa tatu, kwenye kituo cha afya. Dakika mbili amemaliza. Anazima, anarudi kupima mkaa.

Mimi utangazaji huo ulikuwa ukiniumiza. Hauna kichwa wala mkia, hauna utangulizi, hauna hata "ndugu wananchi". Nilikuwa namwambia mke wangu kwamba ni aibu kwa jamii ya watu wazima kuarifiwa mambo yao kama wanaotupiwa mahindi. Mke wangu alikuwa ananijibu kwamba yeye ameshasikia maji yatakatika, anakwenda kujaza madumu, je, mimi nimesikia?

Kisha Mwenyekiti akaja nyumbani kwetu, mikono myeusi kwa vumbi la mkaa, akanivika kilemba cha ukoka.

"Mwalimu," alisema, "watu ya Kongo hapana sikia Luganda. Wakenya pia hapana sikia. Habali yote inawapita. Wewe iko na Kiswahili ya kitabu, ssebo. Tusaidie. Mimi nasema Luganda, wewe nasema Kiswahili."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia pipa zima. Usiku huo huo niliandika utangulizi wa kudumu wa matangazo yote, kurasa mbili. Niliwasalimu wazee kwanza, kisha kina mama, kisha vijana, kisha wageni wetu. Nilimshukuru Mwenyekiti na kila mjumbe wa baraza kwa cheo chake. Nikaweka methali moja inayofaa majira yote. Habari yenyewe ilikuja mwisho, kama bibi harusi, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu miaka mingi kwamba jambo zito halitupwi mlangoni.

Na sauti ninayo. Hiyo nimeirithi kwa babu yangu, ambaye alikuwa akiwachezesha kwata askari wapya, na inasemekana alipoamuru "simama!" hata ng'ombe wa jirani walisimama. Baba alikuwa nayo, mimi ninayo. Darasani ilinisaidia. Sikuwahi kujiuliza inasikikaje kwa mtu asiyeniona.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri, kwa maana kwamba hakuna aliyelalamika mbele yangu. Kwenye kundi la simu la zoni niliandika matangazo marefu kiasi kwamba ilibidi mtu abonyeze "soma zaidi", na hakuna aliyebonyeza. Mmoja alinijibu kwa kidole gumba. Nilimwonyesha mke wangu kidole hicho. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyejaribu kunirudi, kwa upole, siku niliyochukua robo saa kuwaambia watu kwamba gari la taka halitakuja.

"Mwalimu, sema tu pahali na saa. Watu iko na kazi."

Nikamwambia lugha ina taratibu zake. Akasema, "Kale," akaenda zake. "Kale" ya Mganda, yaani "haya", ina maana nyingi, na nilichagua iliyonipendeza.

Sasa nimlete jirani yangu, kwa kuwa habari hii ni yake kuliko yangu. Ni mama wa Kikongo, mjane, mtu wa upande wa Bukavu, na chumba chake kimegusana ukuta na nyumba yetu. Ni mshonaji. Cherehani yake huiweka mlangoni ili ipate mwanga, na huko anashona sare za shule, mapazia na vitenge vya wanawake wenzake wa kanisani. Alipohamia pale macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ule ukungu mweupe unaoitwa mtoto wa jicho. Mwaka ulipopita, uso wa mtu akawa anauona kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi mno. Alishona kwa vidole. Mshono wake ulikuwa bado umenyooka, lakini alikwisha kumshonea mteja mmoja shati lenye mfuko kwa ndani, na mteja huyo alikuwa na mdomo. Wateja walianza kupungua. Mwenyewe aliniambia wazi, bila kujihurumia, kwamba macho yakifunga na mashine itafunga, na yeye hana kazi nyingine mikononi wala mtu mwingine katika mji huu.

Kila jioni nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano. Anatayarisha sindano saba nane, mimi natunga, yeye anazichomeka kwenye kitambaa tayari kwa kesho. Ulikuwa ni wema mdogo usionigharimu kitu, na kama ulivyo wema wa namna hiyo, nilijivunia sana.

Basi asubuhi moja, saa tatu, Mwenyekiti akaniita ghalani. Madaktari wa macho watakuja kesho yake, akasema, siku moja tu, kwenye uwanja wa shule ya msingi, saa nne mpaka saa sita. Watapima watu na kuandika majina. Watakaokutwa na mtoto wa jicho watafuatwa na gari wiki inayofuata, wapasuliwe bure, warudishwe nyumbani. Yeye atatangaza kwa Kiganda jioni ile ile. Mimi nitangaze kwa Kiswahili mara baada yake.

Nilimwambia hapana. Jioni kuna adhana, kuna mpira kwenye kibanda cha video, kuna vyombo vinaoshwa. Tangazo kubwa namna hii linahitaji hewa tulivu. Nitatangaza asubuhi, saa nne kamili, watu wakiwa wamekunywa chai. Mwenyekiti akanitazama. Alisema yeye kesho asubuhi ana kikao mjini, hatakuwepo. Nikasema anipe tu ufunguo wa ghala. Akanipa.

Jioni hiyo nilikaa kwenye benchi la jirani yangu nikitunga uzi wakati Mwenyekiti alipowasha kizindalo akatangaza habari ya macho kwa Kiganda, dakika mbili zake. Wanawake wawili waliokuwa wanapita wakasimama wakapiga makofi.

"Papa Mwalimu," jirani akauliza, "leo banasema nini? Bantu banafurahi."

Nilikuwa na sindano mkononi. Jibu lilikuwa maneno sita au saba. Lakini nilikwisha kuliandika tangazo lake, kurasa nne, na moyoni mwangu nilikuwa nimekwisha kumwona akilisikia asubuhi kutoka juu ya nguzo, kwa Kiswahili, kwa sauti yangu, akitambua kwamba nimemletea macho. Sikutaka kuliharibu.

"Utasikia kesho asubuhi," nikamwambia. "Ni habari njema. Nitaitangaza mwenyewe kwa lugha yetu."

Akacheka, akasema atasubiri. Nilipomsimulia mke wangu, akaniuliza kama nimepata homa. Nikamwambia yeye haelewi mambo ya utangazaji.

Asubuhi, saa nne kasoro, nikafungua ghala, nikakaa kwenye kiti cha Mwenyekiti nyuma ya magunia, nikawasha mtambo. Una taa moja ndogo nyekundu. Niliegemeza karatasi zangu mbele yake, zikaifunika. Nikakohoa. Nikaanza.

"Sikilizeni! Sikilizeni! Sikilizeni! Wananchi wote wa zoni hii, mlio ndani na mlio njiani, simameni hapo hapo mlipo!"

Ilikuwa ni balagha. Nilitaka watu watulie wasikie. Kisha nikawasalimu wazee, kina mama, vijana na wageni. Nikamshukuru Mwenyekiti kwa cheo chake na wajumbe kwa vyao. Nikavishukuru vyombo vya ulinzi na usalama vinavyotulinda usiku na mchana, kwa sababu niliona itakuwa si adabu kuviruka. Kisha nikateremsha sauti, kama nilivyofanya darasani kabla ya kutaja jibu la fumbo, nikasema polepole:

"Ndugu zangu. Asubuhi ya leo, wameingia katika zoni yetu watu watatu. Nasema, watatu!"

Hapo ndipo umeme ulipokatika.

Mimi sikujua. Taa nilikuwa nimeifunika kwa karatasi, na sauti yangu ndani ya ghala la bati ilinitosha masikio. Niliendelea kuwaeleza wananchi kwamba watu hao ni daktari na wauguzi wawili, kwamba macho ni taa ya mwili, kwamba uwanja wa shule uko wazi saa nne mpaka saa sita na kila mwenye ukungu machoni afike bila woga. Nilisema yote hayo kwa ufasaha ambao bado naukumbuka. Waliosikia ni magunia ya mkaa.

Nilifunga ghala nikatoka nje kupokea pongezi. Kichochoro kilikuwa kitupu. Duka la sukari limefungwa. Kibanda cha chapati kimefungwa, na chapati moja imeachwa kwenye kikaango inaungua. Kwenye ua wa jirani mmoja ndoo ilikuwa imeanguka, maji yanatiririka, na hakuna mtu wa kuiinua. Nikasimama katikati ya njia nikajawa na furaha kubwa. Nilijiambia: hii ndiyo nguvu ya Kiswahili kikisemwa inavyopasa, zoni nzima imekwenda kupimwa macho. Niliinua ile ndoo, nikashika njia ya shule, mikono nyuma, nikitembea kama mkaguzi.

Uwanja wa shule nao ulikuwa mtupu. Palikuwa na meza moja, viti vitatu, ubao wenye herufi kubwa na ndogo, na gari jeupe lililofungwa vioo vyote. Ndani ya gari niliona vichwa vitatu vimeinama. Nikagonga kioo. Muuguzi mmoja akakishusha kidogo tu, upana wa kidole.

"Mzee," akanong'ona, "wamekamatwa?"

"Nani?"

"Wale watatu. Wafungwa. Watu walikuwa kwa laini hapa, wakasikia kizindalo, wote wakakimbia. Walisema wafungwa watatu wameingia."

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nikashika mlango wa gari. Luzira, sauti kali ya Kiswahili juu ya nguzo, simameni hapo mlipo, vyombo vya usalama, wameingia watu watatu, kisha kimya. Mtu wa hapa atafikiri nini kingine? Kiswahili katika mji huu watu walikijua kwanza mdomoni mwa askari. Kikisikika ghafla na kwa amri, mzee wa Kiganda hangoji kitenzi. Anafunga mlango.

"Wale watatu," nikawaambia, "ni nyinyi."

Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye subira, na namshukuru kwamba hakucheka wala hakunitukana. Alitazama saa. Ilikuwa inakaribia saa tano. Akasema watakaa mpaka saa sita kama walivyopanga, lakini haizidi hapo, kuna zoni nyingine inawangoja mchana. Niwaite watu.

Nikakimbia. Sijakimbia hivyo tangu ujana, na mwili ulinikumbusha. Nilipita mlango kwa mlango, nikagonga kwa ngumi, nikapaza sauti: "Fungueni! Tokeni nje! Hakuna hatari!" Kadiri nilivyopaza ndivyo nilivyosikia makomeo yakisukumwa. Mahali pamoja nilisikia kabati likiburutwa. Wazee wawili tu ndio walionichungulia dirishani wakanitambua, nao wakasema watatoka polisi wenyewe wakipita kuthibitisha. Muda ulikuwa unakwisha, na katika watu wote wale mmoja ndiye niliyekuwa namtafuta.

Nikafika kwa jirani yangu. Mlango wake, ambao sijawahi kuuona umefungwa mchana, ulikuwa umefungwa. Nikaupiga kwa mikono miwili.

"Fungua! Fungua mlango! Haraka! Fungua!"

Kisha nikasikia kitu kidogo: pumzi ya mtu anayejaribu asisikike. Nikainua mkono nipige tena, nao ukabaki hewani.

Aliwahi kunisimulia, mara moja tu, juu ya usiku waliotoka kwao. Sirudii hapa, ni mambo yake. Itoshe kusema kwamba palikuwa na mlango, na nje ya mlango palikuwa na mwanamume mwenye sauti kali, naye alisema Kiswahili, na alisema fungua.

Niliona aibu. Sisemi aibu ya kuchekwa, hiyo niliizoea. Niliona aibu ambayo mtu anatamani aivue mwilini aiache njiani. Nikakaa chini mlangoni pale, kwenye vumbi, nikasubiri mpaka pumzi yangu ikatulia. Kisha nikasema, kwa sauti ndogo niliyolazimika kuitafuta kwa kuwa sikuwa na mazoea nayo:

"Hodi."

Nikagonga kwa kidole kimoja.

"Hodi, mama. Ni mimi jirani yako. Hakuna mfungwa. Ni mimi niliyekosea."

Nikasikia cherehani ikiburutwa sakafuni; alikuwa ameiegemeza mlangoni, chuma chote kile, kwa mikono yake miembamba. Mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa ameshika mkasi.

"Papa Mwalimu," akasema, "ni weye kweli?"

"Ni mimi. Ulidhani ni askari?"

Akatikisa kichwa. "Hapana. Sauti yako ninaijua. Bengine balizani ni polisi. Mi nikajiambia, kama ni Papa Mwalimu mwenyewe anapiga makelele vile, basi mambo imeharibika kabisa. Ndio maana nikafunga."

Kama angenipiga kwa ule mkasi ningeona nafuu. Zoni nzima ilijifungia kwa kutonijua. Yeye alijifungia kwa kuniamini.

Nilimshika mkono tukaenda shuleni, haraka kadiri alivyoweza kwenye njia ile yenye mawe, na njiani nikamweleza kila kitu: daktari, macho, majina, gari, bure. Alikuwa akiuliza, "Ya kweli?" na kuongeza hatua. Tulifika. Uwanjani palibaki viti vitatu vya shule na alama za magurudumu. Mlinzi akasema wameondoka sasa hivi, wamengoja mpaka saa sita na robo.

Jirani yangu hakulia. Alisimama akigeuza uso upande huu na upande ule, kana kwamba gari bado lipo na ni macho yake tu yanayomficha. Kisha akauliza:

"Habari hii ulijua tangu siku gani?"

Nilitafuta utangulizi. Wallahi, hata wakati ule nilitafuta.

"Tangu jana," nikasema. "Saa tatu asubuhi."

Akafikiri. Najua alifikiri nini: benchi, jioni, sindano, swali lake. Hakulitaja. Alisema tu, "Nirudishe nyumbani," nami nikamrudisha. Jioni hiyo hakuniita kutunga uzi. Alimwita mke wangu.

Mwenyekiti aliporudi kutoka mjini alikuta zoni yake imejifungia mchana kweupe na katibu wake wa habari amekaa kwenye ngazi za ghala. Hakunifokea. Alisema, "Bambi, Mwalimu," nikajua sasa nimeshuka cheo na kuwa mtu wa kuhurumiwa. Alipata namba ya yule muuguzi kutoka kituo cha afya akampigia, akamweleza, akamtajia jina la jirani yangu na majina mengine tisa ya wazee waliokimbia kwenye mstari. Muuguzi akayaandika. Akasema msafara mwingine utakuja, lini hajui. Ikipangwa siku, atapiga simu. Mwenyekiti akampa namba yangu. Nilimuuliza kwa nini isiwe yake. Akasema, "Wewe ndiyo utamwambia."

Hapo nikapata kazi yangu halisi. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikwenda kwenye mlango wa jirani, nikasema hodi, nikasema: "Leo hakuna simu." Lilikuwa tangazo la maneno matatu, na sijawahi kutoa tangazo lililonichosha hivyo. Mwanzoni alijibu, "Ndiyo," basi. Baada ya wiki mbili akaanza kujibu, "Aksanti kufika." Mwezi wa pili akanirudishia sindano. Macho yake yalikuwa yamezidi. Siku moja alinipa kiberiti akidhani ni kibweta cha sindano. Nilitunga uzi bila kusema kitu. Kizindalo nilikuwa nimekiacha, kurasa zangu mke wangu amefungia karanga, na matangazo ya Kiswahili anayasoma Mkenya mmoja fundi bomba kwa sekunde ishirini. Watu wanamsifu sana.

Simu iliita wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa bafuni nimejipaka sabuni kichwa mpaka miguu. Niliiacha kwenye kigoda nje, na mke wangu akaisukuma kwa mguu chini ya mlango. Alikuwa muuguzi. Alisema maneno machache, nikamrudishia maneno yake ili nihakikishe, akakata. Sikujimwagia maji. Nilijifunga taulo nikatoka, mke wangu akipiga kelele nyuma yangu kwamba mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, kuna watu njiani. Kulikuwa na watu njiani. Kulikuwa na Mwenyekiti na gunia lake, na fundi bomba. Povu lilikuwa linaniingia machoni, nikawa sioni vizuri, nikapapasa ukuta mpaka kwenye mlango wake.

"Alhamisi," nikasema. "Saa mbili asubuhi. Gari litakuja hapa hapa mlangoni. Macho yote mawili, moja kwanza, lingine baada ya mwezi. Jina lako ni la kwanza."

Mguu wake ulisimama kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza. Aligeuza uso kuelekea kwangu, yale macho yake meupe yakitafuta mahali sauti inapotoka, na mikono yake ikaanza kukunja na kukunjua kitambaa kilichokuwa mapajani.

"Papa Mwalimu," akasema, "sema tena."

Miaka yote niliyofundisha, na miezi yote niliyotangaza, hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikasema tena.